Msiba wa Chupa ya Jogoo

Habari kwamba dawa ya Jogoo haitengenezwi tena ziliingia studio kwa simu, asubuhi, kabla hata kiti cha wateja hakijafutwa vumbi, na mpiga picha akazipokea kama mtu aliyefiwa. Alikaa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akausoma ujumbe upya kwa sauti ili na kuta zisikie. Kiwanda kimefunga. Ile dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe, ile ya chupa ya kahawia yenye picha ya jogoo anayewika, basi tena. Aliyeutuma ujumbe ni mpiga picha mwenzake, naye aliupata kwa mwingine, na katika wote hao hakuna aliyesema kiwanda kilifunga lini. Penye msiba nani anauliza tarehe?

"Mama watoto," akaita kuelekea kwenye pazia zito la nyuma, "njoo usikie. Tumekwisha."

Mkewe alikuwa chumba cha giza akisuuza filamu. Alitoka akijifuta mikono, akasikiliza, akasema pole. Pole yenyewe ilikuwa ya kweli, maana mume alikuwa amepauka. Lakini moyoni hakushtuka hata kidogo, kwa sababu huyo Jogoo anayeliliwa leo yeye alishamzika zamani, kwa mikono yake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Ukweli ni huu, na katika nyumba ile aliujua mtu mmoja tu: chupa za Jogoo zilizopangwa rafuni hazikuwa na tone la Jogoo. Zilikuwa na dawa aliyoipika mwanamke huyo jikoni kwake. Alianza kuzijaza kabla mjukuu wao wa kwanza hajazaliwa, na mjukuu huyo sasa anavaa viatu vya baba yake.

Tusimhukumu upesi. Kwanza tumjue ni mtu wa namna gani.

Aliingia studio ile mara ya kwanza akiwa msichana, ametumwa kupiga picha ya cheti. Wateja wengine huuliza picha itakuwa tayari lini. Yeye aliuliza nyuma ya pazia kuna nini. Mpiga picha, kijana wakati huo, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno mengi, alimpeleka akamwonyesha: beseni tatu, taa nyekundu, kamba yenye vibanio vya nguo, na karatasi nyeupe iliyolala ndani ya maji ikianza kutoa uso wa mtu taratibu. Msichana alirudi kesho yake kuchukua picha, akarudi keshokutwa bila sababu, na watu wa mtaa wakaelewa.

Walipooana waligawana kazi bila kukaa kikao. Mume alichukua mbele, kwenye mwanga, kwa sababu alijua kuongea na watu. Angeweza kumfanya mkwe aliyenuna acheke na mtoto anayelia anyamaze, na kabla hawajajua wameshapigwa. Hicho ni kipaji, na mkewe hakuwahi kumnyima. Mke akachukua nyuma, kwenye giza, kwa sababu kifua cha mume hakikupenda harufu za dawa, na kwa sababu yeye alilipenda giza lile. Humo vidole vyake viliona. Alifungua mkanda wa filamu bila taa, akauvingirisha kwenye kigurudumu chake, akaufungia ndani ya kopo, akamimina dawa, akatikisa, akangoja, akamwaga, akasuuza. Akizidisha, uso unakuwa makaa. Akipunguza, unakuwa moshi. Hakuwa akipunguza wala kuzidisha.

Na mume alimtambulishaje kwa wageni? Alisimama katikati ya studio, mikono mfukoni, kuta zimejaa nyuso za watu wa mji mzima, wengine walishatangulia mbele ya haki na bado wanatazama kwa macho maangavu, akasema: "Siri yangu ni Jogoo. Dawa ile ndiyo kila kitu." Halafu, akikumbuka: "Na huyu mama watoto ananisaidia kuosha."

Kuosha. Kama sufuria. Neno hilo lilimchoma kila lilipotamkwa, na lilitamkwa kila wiki. Alitabasamu kwa heshima ya mgeni, akarudi gizani.

Sasa tuje kwenye chupa. Ulifika wakati dawa ya Jogoo ikawa adimu, na ile iliyopatikana ilikuwa imekaa sana njiani na kwenye maghala, imechoka. Harusi moja ilitoka yote imefifia, bwana arusi anaonekana kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua, na waliorudi kulalamika hawakukilalamikia kiwanda. Mume alikasirika, akalaani jua, akalaani maji ya bomba, akamuuliza mkewe kama ameosha vizuri. Mke alianza kuuliza watu.

Aliyempa njia ni mwalimu mstaafu wa kemia, aliyekuja kupigwa picha ya ukutani akakawia kuzungumza. Mzee yule alimwambia kwamba kilichomo ndani ya dawa ile na kilichomo ndani ya kidonge cha kawaida cha maumivu ya kichwa ni ndugu wa tumbo moja. Ukikichukua kidonge, ukakitia kwenye ile soda kali ya watengeneza sabuni, inayochoma ngozi, pamoja na unga mweupe wanaotumia wakausha matunda ili matunda yasigeuke rangi, kisha ukawa na subira, ndugu mmoja atageuka mwingine. Mwalimu alisema hivyo akicheka, kwa kupiga soga tu. Mwanamke hakucheka. Alinunua glavu.

Mara ya kwanza ilitoka tope. Mara ya pili iliila filamu ikaiacha na mabaka. Alipika mume akiwa kwenye shughuli za watu, madirisha wazi, kijiko cha mbao ambacho hakikurudi tena kwenye chakula. Alipoteza mikanda, ila ilikuwa vipande vya mwisho vilivyobaki bila kupigwa, akavipigia picha za paka na za ua la nyuma. Mwishowe akapata maji mekundu yaliyokuwa yakikolea siku baada ya siku mpaka yakafanana na chai iliyosahauliwa motoni, na filamu aliyoisafisha humo ilimfanya akae chini kwenye sakafu ya chumba cha giza. Weusi ulikuwa weusi. Weupe ulikuwa weupe. Na katikati yake kulikuwa na kila kitu: mikunjo ya shuka kwenye kamba, manyoya ya paka, kivuli cha ndoo.

Alimpelekea mume, jagi mkono mmoja, filamu mkono wa pili. Mume akanusa jagi, akauliza ni nini. Akaambiwa.

"Vidonge vya kichwa?" akasema. "Unataka nizitibu picha za watu homa?"

Akalichukua jagi, akamwaga kwenye karo. Filamu hakuitazama. Hapo ndipo penye kisa, msomaji, wala usitafute pengine: filamu hakuitazama. Iliendelea kuning'inia mkononi mwa mkewe wakati yeye anacheka, na mzaha ule akawapa wateja mwezi mzima, kwamba huyu bibi yangu anatibu picha malaria.

Wakati mwingine alipopika, hakuleta jagi. Alichukua chupa tupu ya Jogoo, akaiosha, akaijaza, akairudisha rafuni, akaisafishia filamu iliyofuata. Mume aliishika ile filamu dirishani, akaipitishia lenzi yake ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho, akapiga paja kwa furaha. "Unaona? Jogoo ni Jogoo." Mke alikusudia kumwambia jioni ileile, wakila, ili wacheke pamoja. Lakini muda wote wa chakula mume alikisifu kiwanda. Alisifu wazungu wa kiwanda, alisifu kioo cha chupa, alimsifu hata yule jogoo wa kwenye karatasi. Mke akaona mzaha wake umechacha mdomoni. Akasema atamwambia kesho, na kesho ya namna hiyo haina mwisho.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Haikuwa kweli kwa dawa hii. Chema kilishindwa kujiuza mpaka kikavaa manyoya ya jogoo.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuchekesha katika hayo yote. Mume aliona vidonge, pakiti kwa pakiti, kabatini, mkobani, juu ya friji, akaamini mkewe ana kichwa kibovu. Alimwonea huruma kweli. Aliwaambia ndugu, na mashemeji wakatuma ushauri: alale mapema, apimwe macho, apunguze mawazo. Mara nyingine, akirudi kutoka mjini, alimletea pakiti mwenyewe na kumwekea kando ya sahani bila kusema kitu. Basi alikuwa mume mwema, sikatai, na malighafi ya Jogoo wake alikuwa akiibeba mfukoni mwake. Mkewe aliipokea, akashukuru, akaenda kuipika.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka siku ya simu.

Baada ya simu, jambo la kwanza alilofanya mume ni kuzitoa chupa tatu zilizobaki zimejaa, akazifungia kabatini na ufunguo akatia mfukoni. Jambo la pili, akaanza kutafuta mbadala, na hapo nyumba haikukalika. Alileta dawa ya unga ya pakiti. Mkewe akaikoroga, akasafisha mkanda, akaona kazi si mbaya, tena nyuso zimekaa vizuri. Mume akatazama, akasema picha zina chunusi. Alileta dawa ya maji ya kampuni nyingine. Akasema weusi umekuwa kijivu kama uji wa jana. Ya tatu aliirudisha dukani bila kuifungua, kwa kuwa ilikuwa ndani ya plastiki, na dawa ya heshima haikai kwenye plastiki. Binti yao, anayefanya kazi ofisini, alipiga simu kumshauri baba atumie kamera za siku hizi, kompyuta ikaigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Baba alimwambia asante kwa sauti ambayo binti aliielewa, na wiki nzima simu zake zilipokelewa na mama.

Mikanda yote hiyo ya majaribio nani aliisafisha? Nani alisimama gizani mgongo ukiuma, akajaribu joto hili na lile, akatikisa kwa nguvu, akatikisa taratibu, ili mtu wa mbele aje aseme chunusi? Mke alianza kuweka vyombo kwa kishindo.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kujitia ameokota akiba ya Jogoo katika duka fulani la zamani, akaendelea kujaza chupa mpaka kifo kiwatenganishe. Hilo lilimkaa kichwani siku kadhaa. Ila mpaka hapo alikuwa amedanganya kwa kunyamaza tu, na sasa ingembidi adanganye kwa mdomo, tena kwa kukisifia kiwanda. Alijaribu kuyapanga maneno hayo mbele ya kioo cha bafuni, yakamkwama. Njia ya pili ilikuwa kuileta dawa yake wazi, kwa jina lake, ikahukumiwe kwa haki. Akaichagua hiyo.

Dawa iliyobaki jikoni kutoka mpiko wa mwisho akaitia kwenye chupa ya asali isiyo na karatasi, akaiweka mezani mbele ya mume. Akasema ameitengeneza mwenyewe, safari hii asiimwage, waijaribu. Mume alikuwa amechoka kutafuta, akakubali. Wakafanya kwa uangalifu. Mume alipiga mkanda mmoja pale studio, kiti kilekile, mwanga uleule, jirani fundi viatu ndiye amekaa. Mke akaukata katikati gizani. Nusu akaisafisha kwa dawa ya chupa ya asali. Nusu ya pili mume alifungua kabati, akatoa Jogoo kwa mikono miwili, akapima kidogo kwa huruma, ikasafishwa kwa hiyo.

Zilikuwa zimetoka sufuria moja. Siku moja, kijiko kimoja, vidonge vya pakiti moja.

Mume alizipeleka nusu zote mbili dirishani. Mke akamwambia ipi ni ipi, kwa sababu aliulizwa. Mume akainama na lenzi yake, akakaa sana. Mke alisimama nyuma yake akiangalia kisogo chake, kilichoanza kuwa na mvi, na kwa muda ule, nitasema wazi, alikuwa na matumaini kama msichana.

"Hii," mume akasema, akigusa ya chupa ya asali, "imekufa. Macho ya mtu hayana uhai. Sasa tazama hii. Hii ndiyo Jogoo. Unaona roho?" Akageuka, akamwekea mkono begani, na sauti ikawa ya upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha zamani. "Si kosa lako, mama watoto. Kuna vitu haviigiki."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alitaka kuvunja chupa, akakumbuka ni kazi yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu ana macho, ana miwani, ana hata lenzi juu ya miwani, na bado alichosoma ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Akaenda chumba cha giza akakaa bila taa, bila kazi. Alijiuliza akimwambia sasa itakuwaje. Mtu mzima, amejijenga juu ya chupa ile. Ukiivuta si ataanguka? Na je, hatasema kwamba aliyedanganywa ni yeye, na kwamba mwongo yuko gizani? Huruma na hasira vikagombana ndani yake, na siku ile huruma ikashinda kidogo.

Huruma hiyo haikuishi muda mrefu. Wiki ileile, wakinywa chai, mume alimwambia kwamba studio inafungwa. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Dawa imekwisha, picha mbovu hatoi, bora aondoke na jina lake. Ameshaongea na yule mwenye mgahawa wa barabara kuu, ambaye siku nyingi aliitamani mashine ya kukuzia picha. Atakuja kuichukua.

Mke aliuliza mwenye mgahawa anasafisha picha tangu lini.

Hasafishi, mume akaeleza. Ataigeuza taa. Ataitia balbu, ataiweka kwenye kona, wateja watapenda, siku hizi vitu vya kale vinapendwa. Beseni nazo atazichukua, atapandia maua.

Fikiria mwenyewe. Mashine ile mwanamke aliipangusa kila siku kwa kitambaa laini kuliko alichopangusia uso wake. Ilipitisha nyuso za mji mzima, vichanga na marehemu. Na beseni, ambazo mikono yake ilizeekea ndani, zipandwe maua. Halafu hakuna aliyemuuliza. Chumba cha giza kilikuwa mahali pekee duniani ambapo alijua kila kitu kilipo bila kuwasha taa, na kimeuzwa juu ya kichwa chake kwa sababu ya kufa kwa dawa ambayo humo ndani ilikuwa imekufa miaka na miaka bila picha moja kuugua. Aliweka kikombe chini. Aliuliza wanakuja lini. Akaambiwa Jumamosi.

Jumamosi mwenye mgahawa alifika na mpagazi mwenye kamba. Alikuwa mtu mchangamfu, asiye na ubaya wowote. Alisifu kuta, akasifu kiti, akaliona kabati wazi na chupa mbili ambazo bado zimejaa, akasema na hizo ni nzuri, zingependeza juu ya kaunta. Mume akaichukua moja. Ikamjia hotuba. Nadhani alikuwa ameitunga tangu siku ya simu na hakuwa amepata wa kumhutubia. Aliinyanyua chupa kwenye mwanga, akasema kila uso ulioko ukutani umetoka humu. Akasema yeye ni mtu wa kawaida, hajasoma sana, ila alibahatika kukutana na dawa yenye roho, na roho hiyo ikiondoka naye anaondoka, kwa heshima. Mwenye mgahawa akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mpagazi alikuwa ameshaikumbatia mashine, anaitoa nje ya pazia.

"Iweke chini hiyo," mke akasema.

Hakupaza sauti. Mpagazi aliiweka chini.

"Baba watoto," akasema, "hiyo uliyoishika nimeitengeneza mimi. Jikoni. Kwa vidonge vya kichwa."

Mume akatabasamu kuelekea kwa mgeni, kama mtu anayemwombea radhi mtoto. "Umeanza tena."

"Na iliyotangulia hiyo nimeitengeneza mimi. Na zote zilizotangulia, mpaka kwenye ile uliyoimwaga. Mimi kichwa hakijawahi kuniuma. Kwa nini hukuwahi kujiuliza? Nilikuwa navitia wapi vidonge vyote hivyo?"

Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Mume aliitazama chupa, akamtazama mkewe, halafu akaanza kutazama kuta. Aliinyoosha chupa ileile kuelekea picha ya bibi harusi aliyegeuza shingo, picha ambayo watu walitoka mbali kuja kuomba mfano wake.

"Ile?"

"Ile."

"Na yule mzee wa kofia?"

"Na yeye."

Kisha, bila kunyoosha kitu, akauliza kuhusu picha iliyokuwa peke yake juu ya mlango, ya mama yake mzazi, aliyopigwa akiwa mgonjwa na asiweze kukaa kitini tena baada ya hapo. Mkanda wake ulikuwa huo mmoja tu. Mara ngapi alisema mbele za watu kwamba Jogoo ndiye aliyemhifadhia mama yake?

"Na mama?"

"Na mama," mke akasema. "Nilitetemeka siku ile. Niliogopa kumpoteza. Ulikuwa hapo nje unawaambia watu msijali, Jogoo yupo."

Mume akakaa kwenye kiti cha wateja. Mwenye mgahawa alijikuta anasoma bei ukutani.

"Umenifanya mjinga miaka yote hii," mume akasema.

"Ulikuwa mjinga mara mbili tu. Mara ile uliyomwaga bila kutazama, na juzi ulipotazama bila kuona. Siku nyingine zote ulikuwa mpiga picha mzuri. Ndiyo maana nilikujazia chupa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilisimama pale, jagi mkono huu, filamu mkono huu." Akaonyesha. "Mimi sijakuoshea kitu humu ndani. Sijawahi kuosha. Na leo umeniuzia chumba changu kikapandwe maua."

Mume aliinuka, akaitia chupa kwapani, akaenda dirishani, ambako zile nusu mbili za mkanda wa fundi viatu bado zilikuwa zinaning'inia, akazitoa kwenye vibanio. Aliziinua pamoja. Akatafuta lenzi mifuko yote, akaipata, akainama. Alihama kutoka nusu moja hadi nyingine, akarudi, akahama tena, na mabega yake yakashuka taratibu. Alipogeuka alikuwa amezichanganya mkononi na hakuweza tena kusema ipi ni ipi. Mkewe aliliona hilo. Alijua wakati kama huo zamani angesema neno la kumwokoa, angesema hata mimi ningechanganya, au angewaletea wageni chai. Alikunja mikono.

Mwenye mgahawa akakohoa. Alitaka kujua tu, kwa adabu, kama anachukua mashine au hachukui, maana gari linasubiri.

"Huchukui," mume akasema. "Nisamehe. Siuzi."

"Lakini mzee, si ulisema dawa imekwisha? Si kiwanda kimefunga?"

"Kiwanda kimefunga." Alimtazama mkewe. Mke alimtazama vilevile. "Dawa anaitengeneza mke wangu."

Mwenye mgahawa akageuka, akamwona mwanamke yule kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kumbe! Tangu lini?"

Swali hilo halikumhusu mke, akamwachia mumewe. Mume aliitoa chupa kwapani, akaihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akatafuta mahali pa kuiweka, hakupata.

"Tangu nilipoimwaga ile ya kwanza," akasema chini chini.

"Huyu aliyeshika kamba hajakusikia," mkewe akasema. "Rudia."

Akarudia.